Kuzunguka Milima ya Gusii kwa Matatu

Kaunti za Kisii na Nyamira, kusini magharibi mwa Kenya, zimekaa juu ya milima iliyoinuka kama kisiwa. Magharibi na kaskazini ardhi inashuka kuelekea kwa Wajaluo na Ziwa Viktoria, mashariki wako Wakipsigis, kusini Wamaasai. Njia bora ya kuifahamu nchi hii ya Abagusii ni kuizunguka kwa matatu za kawaida: Kisii mjini, Keroka, Kebirigo, Nyamira, kisha kurudi Kisii.

Mji wa Kisii uko kwenye kimo cha takribani mita 1,700, na kutoka hapo barabara ya Keroka hupanda ikipinda huku na huku. Abiria akichungulia dirishani ataona kwamba barabara nyingi za huku hufuata migongo ya vilima, na mashamba huteremka pande zote mbili kwa vipande virefu vyembamba hadi kijitoni. Nyumba iko karibu na barabara, nyuma yake migomba, halafu mahindi au chai, na bondeni mabingobingo ya kulishia ng'ombe pamoja na mikaratusi. Wembamba huo una sababu yake: baba hugawia wanawe ardhi, na kila mmoja anastahili kupata njia juu na maji chini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Mikaratusi ya bondeni hunywa maji mengi mno, na chemchemi zinaumia. Ni heri ing'olewe kwenye kingo za vijito.

Keroka ni mji uliokatwa na mpaka wa kaunti mbili, na suala la nani akusanye ushuru wa soko limezua ugomvi mara nyingi. Ukishuka hapa, badilisha gari, uelekee Kebirigo.

Sasa unaingia kwenye chai hasa. Wachumaji hukata majani mawili na kichipukizi, wakiyatupia kapuni mgongoni, kisha huyapeleka kituoni yapimwe kabla ya lori la kiwanda kufika. Jani likikaa sana baada ya kuchumwa huharibika, ndiyo maana barabara mbovu hapa humla mkulima moja kwa moja.

Kati ya Nyamira na Kisii, njia ya kando huelekea Manga. Genge lake linaangalia bonde, na anga likitakata ziwa huonekana kwa mbali. Masimulizi ya Abagusii yanaeleza kwamba walipitia nyanda za Kano kabla ya kupanda milimani; ukisimama Manga, unaziona nyanda walikotoka.

Aliye na siku ya pili aende Tabaka, kusini magharibi mwa mji wa Kisii, kunakochimbwa jiwe la sabuni. Wachongaji hulichonga kwa panga na visu, kisha hulisugua kwa msasa ndani ya maji hadi rangi yake nyeupe, ya waridi au ya kijivu ijitokeze. Nunua kwa mchongaji mwenyewe.

Anza safari asubuhi na mapema. Mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri, mara nyingi na mawe, na ikishaanza, Manga hutaona kitu.