"Austerity": nani anajinyima, nani ananyimwa? (Uzi)

1/ Kila bajeti ikikaribia, neno hili linarudi: austerity. Utalisikia redioni, kwenye matatu ya Karatina na hata matangani. Wengine wanalitumia kama sifa, wengine kama tusi, na wote wanadhani wanazungumzia kitu kimoja. Leo nataka tulifungue kihistoria, kwa macho ya sisi watu wa Nyeri na miji ya Mlima Kenya. Sitataja mwanasiasa wala chama. Uzi ni mrefu kidogo, vuta kiti.

2/ Tuanze na asili. Wagiriki wa kale walisema austeros kwa kitu kinachokausha ulimi. Kiswahili tuna neno lake kabisa: ukakasi. Ni ile hali unayoipata ukiuma ndizi mbichi. Kupitia Kilatini neno likafika Uingereza, likawa na maana ya ukali. Likatumika pia kwa maisha ya mtawa anayekula kidogo na kulala pagumu kwa hiari yake. Hiyo hiari ishike, tutaihitaji.

3/ Maana ya kiserikali ilikolea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilianza kugawa chakula kwa kitabu na nguo kwa kuponi. Vita viliisha 1945, mgao haukuisha. Mkate, ambao haukuwa umegawiwa vitani, ulianza kugawiwa 1946. Watu walinung'unika, magendo yalikuwepo, lakini wengi walivumilia. Kwa nini? Kwa sababu kitabu cha mgao kilikuwa cha kila mtu, hadi familia ya mfalme.

4/ Vita hivyo vilifika hadi kwetu. Karatina kulijengwa kiwanda cha kukausha mboga za kulisha wanajeshi, na wakulima wa hapa wakahimizwa kulima kwa bidii. Vita vilipoisha, kiwanda kikafungwa. Mkulima alitoa jasho lake wakati wa shida, shida ikaisha, na soko likaisha nalo. Hakuna aliyemuuliza.

5/ Sasa angalia tarehe hizi mbili, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapouma. Julai 1954 Uingereza iliondoa mgao wa mwisho, ule wa nyama. Mwezi mmoja kabla, Juni 1954, serikali ya kikoloni hapa Kenya iliamua kuwahamisha watu kwa nguvu na kuwafungia vijijini. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameingizwa katika vijiji zaidi ya 800, Nyeri ikiwa katikati ya mambo.

6/ Ukikaa na cucu wa Tetu au Mathira aliyeishi enzi hizo, atakwambia habari za gichagi. Nyumba ya zamani ilichomwa, ukajenga nyingine pale ulipoonyeshwa. Akina mama walitolewa alfajiri kwenda kuchimba mtaro kando ya msitu, wenye vigingi vikali vya mianzi, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Shambani ulienda kwa ruhusa na saa zilizohesabiwa, ngati wakikusimamia. Kijiji kilichoshukiwa kiliadhibiwa kwa kufungiwa karibu siku nzima. Watoto wakalala njaa.

7/ Upande wa pili wa mtaro huo walikuwa watu walioishi kwa njaa na baridi ya Nyandarua kwa uamuzi wao. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefika cheo cha Field Marshal, alitoka msituni baada ya uhuru wa 1963. Nywele alizozifuga tangu msituni hazikukatwa hadi Aprili 2022. Alifariki Septemba 2023.

8/ Njaa ya kijijini na njaa ya msituni, tumboni zinafanana. Lakini si kitu kimoja, na Kiswahili kinakataa kuzichanganya. Wa msituni ALIJINYIMA. Wa kijijini ALINYIMWA. Tofauti ni silabi ndogo sana, "ji", na ndani yake mna siasa nzima. Austerity ni nomino isiyokwambia nani ametenda na nani ametendwa. Ndiyo maana inapendwa na wanaosoma bajeti.

9/ Je, sisi tunachukia kujinyima? Hapana. Baada ya uhuru, harambee ilijenga shule, zahanati na mabomba ya maji mlima mzima. Mfano uko hapo nje ya mji wa Nyeri: Kimathi Institute of Technology ilianza 1972 kwa nguvu za harambee, na leo ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Watu walitoa shilingi ambayo ingenunua sukari. Walijua inaenda wapi, na waliona jengo likipanda.

10/ Ila hata harambee iliharibika. Wazee wanakumbuka wakati risiti ya mchango ilikuwa kama kitambulisho: huna, huhudumiwi ofisini. Hapo "ji" ilikuwa imeshatolewa kimya kimya, jina likabaki lile lile. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya maafisa wa umma ikaweka mipaka kwa maafisa kukusanya michango ya harambee.

11/ Miaka ya 80 yakaja masharti ya Benki ya Dunia na IMF. Serikali ibane matumizi, mwananchi achangie gharama. Desemba 1989 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada. Wagonjwa wakapungua, na si kwa sababu walikuwa wamepona. Septemba 1990 ada ya kumwona daktari ikasimamishwa, kisha ikarudishwa kwa awamu kuanzia 1992. Wakaiita kuchangia gharama, lakini mchango huwa unaombwa. Mama mwenye mtoto mwenye homa mlangoni haombwi, anadaiwa.

12/ Twende 2024. Juni, vijana waliandamana kupinga mswada wa fedha, hapa Nyeri na Nanyuki pia, na mswada ukaondolewa. Mapema Julai serikali ikatangaza hatua za kubana matumizi: mashirika 47 ya umma yavunjwe, ununuzi wa magari mapya usimamishwe miezi 12, washauri wapunguzwe nusu. Ona kilichobadilika. Kwa mara moja, mswali aligeuziwa serikali: anza wewe.

13/ Tuwe wakweli. Deni lipo, na nchi inayokopa ili kulipa mishahara lazima ikate mahali. Anayesema "tukaze mshipi" si lazima awe adui wako. Ila kabla hujampigia makofi au kumzomea, mimi huuliza maswali matatu:
– Anayesema tukaze mshipi, na wake umekazwa?
– Tuliulizwa, ama tulitangaziwa?
– Kuna tarehe ya mwisho, na kuna jengo litakaloonekana?

14/ Majibu yakiwa ndiyo, huko ni kujinyima, na watu wa mlima huu wanajua kujinyima kuliko wengi. Yakiwa hapana, tafuta neno lingine. Kumwita mtu aliyenyimwa kuwa amejinyima ni kumpokonya mara mbili: kwanza chakula chake, halafu ukweli wake.

15/ Kama una cucu au guka aliyeishi gichagi, muulize wiki hii walikula nini na nani aliamua. Wamebaki wachache. Halafu rudi hapa utuandikie. Nitasoma yote.