Hodi ya Kompyuta Kuukuu

Bukundi ni kata ya Wilaya ya Meatu katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 ukapewa Bariadi kuwa makao yake makuu. Mgeni aendaye huko kwa utafiti wa lugha, kama nilivyokwenda mimi mwaka 2022, hutaraji kurudi na maneno ya Kisukuma na Kitaturu, wala hafikiri kwamba atarudi na habari za kompyuta. Walakini ndivyo ilivyotokea. Katika duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala, ambalo watu huliita steshenari, nilimkuta binti aliyemaliza kidato cha sita akihangaika kupeleka maombi yake kwa taasisi moja ambayo siku yake ya mwisho ilikuwa kesho. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Kompyuta ya duka iliendeshwa kwa Windows XP, na kila alipojaribu kuifungua tovuti ile, kioo kilimwambia kwamba haiaminiki. Mwenye duka, kijana mpole, aliniamkia, kisha akasema: "Mwalimu, mashine hii si mbovu. Imekataliwa tu."

Neno hilo limenikaa moyoni, kwa kuwa ni sahihi kuliko neno "imezeeka" ambalo wengi wetu tungalilitumia. Baiskeli huzeeka kwa kutu, na jembe kwa kulika. Kompyuta ile ilikuwa ingali ikifanya kila jambo ililolifanya siku ilipotoka kiwandani: iliandika, ilihesabu, ilichapa. Kilichobadilika kilikuwa nje yake.

Kivinjari kinapotaka ukurasa kutoka kwenye seva, jambo la kwanza hakiombi ukurasa, hupiga hodi. Katika hodi hiyo hutaja aina za maandishi ya siri inazozifahamu, ili wawili hao wachague moja ya kuzungumzia wasisikiwe na mtu wa kati. Seva ikiona aina inayoikubali huitikia, kisha hutoa cheti chake kuthibitisha kwamba ndiyo hasa mwenye nyumba. Kivinjari kilichokuja na XP hakikupata kujua zaidi ya kanuni ya siri iitwayo TLS 1.0. Kanuni iliyofuata na kuenea, TLS 1.2, ilitolewa mwaka 2008, TLS 1.3 ikatolewa mwaka 2018. Na ilipofika mwaka 2020 vivinjari vikubwa vilianza kuyaacha matoleo mawili ya kwanza. Zaidi ya hayo, kivinjari kile kinapopiga hodi hakitaji jina la tovuti inayotafutwa. Zamani haikudhuru, maana kila nyumba ilikuwa na mtu mmoja. Siku hizi seva moja ni nyumba ya wapangaji mamia, na mgeni asiyesema amemjia nani hubaki uani.

Yafaa hapa niziweke tarehe kwa mpango, maana watu husema "siku moja ikaacha kufanya kazi", na sivyo. XP ilitolewa Oktoba 2001. Kwetu ilikuta soko lenye njaa: tangu mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ingawa zuio hilo lililegezwa baadaye, shule na ofisi nyingi zilipata mashine yao ya kwanza katika zama za XP. Hata Kiswahili kiliingia kwenye kompyuta katika zama hizo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, na XP yenyewe nayo ikapata vazi la Kiswahili. Kisha milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Tarehe 8 Aprili 2014 watengenezaji waliacha kuitunza. Mwaka 2016 kivinjari cha Chrome kikaiaga, na mwaka 2018 Firefox ikafuata, toleo lake la mwisho kwa XP likiwa la 52. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha muda cheti kimoja cha msingi ambacho tovuti nyingi sana zilikitegemea, na mashine zisizokuwa na mrithi wake zikaacha kuziamini tovuti hizo usiku mmoja.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tulikwisha kuliona jambo kama hili. Barua za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 18 zilizohifadhiwa Goa ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na C. G. Büttner alipochapa mkusanyo wake mwaka 1892, hati zilikuwa zizo hizo. Serikali ya Wajerumani, na baada yake ya Waingereza, zikashika hati za Kirumi. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kusanifisha Kiswahili cha nchi zetu za Afrika Mashariki kwa hati hizo. Mzee aliyejifunza kuandika chuoni kwa mwalimu wake akajikuta anahesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Hakusahau herufi hata moja. Barua zilizomfikia ndizo zilizobadilika. Mswada aliouacha sandukuni ukangoja mpaka watu kama J. W. T. Allen wakapita nyumba kwa nyumba kuikusanya miswada hiyo, na orodha ya ile iliyohifadhiwa Dar es Salaam ikachapwa mwaka 1970.

Lakini mfano huu usivutwe kupita kiasi. Kanuni za siri za kale ziliachwa kwa sababu zilikuwa na nyufa, na wezi walizijua. Mwezi Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipoenea duniani kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, watengenezaji wa XP walilazimika kuitolea kiraka mashine waliyokwisha kuiaga miaka mitatu nyuma. Kubadili kufuli iliyovunjika si kumkataa mgeni.

Kuna, hata hivyo, kufunga kwa namna ya pili, na hiyo siitetei. Katika duka lile tulijaribu Firefox 52, ambayo ina maarifa yake yenyewe ya siri wala haiazimi ya XP. Nayo ikakataa. Nikatazama pembeni mwa kioo nikaona saa ya kompyuta imesimama Januari 2002: betri ndogo ya ndani imekufa, na kila umeme ukikatika mashine hurudi ujanani. Machoni pake cheti cha tovuti kilikuwa cha miaka ishirini ijayo. Tuliporekebisha tarehe, ukurasa ukafunguka mzuri kabisa. Binti akajaza jina, shule, namba ya mtihani. Alipobonyeza kitufe cha kutuma, hakikusema neno.

Sababu yake yajulikana. Kurasa za siku hizi huja na programu ndani yake, na lugha ya programu hizo huongezewa alama mpya mwaka hadi mwaka. Kivinjari cha kale kikikuta alama moja isiyoijua, hakiruki alama hiyo peke yake. Hulikataa andiko lote. Hapo hapana mwizi aliyezuiwa. Mwandishi amejipunguzia kazi ya vidole, na msomaji wa Bukundi ndiye aliyelipa. Kwamba haikuwa lazima, nilipata ushahidi papo hapo: binti alitaka nihakikishe alama zake, tukafungua matokeo ya Baraza la Mitihani, nayo yakaja upesi, jedwali tupu la maandishi na mistari, lisilodai chochote kwa msomaji ila macho.

Wako waliotafuta mkalimani. Opera Mini, iliyoenea tangu mwaka 2006 na kupendwa sana kwenye simu ndogo za Afrika Mashariki, huusoma ukurasa mbali, katika seva za wenyewe, kisha huleta muhtasari mwepesi. Ni msaada wa kweli, ingawa ni sawa na kusomewa barua na jirani: naye amekwisha kujua yaliyomo.

Maombi ya binti yalitumwa kwa simu yangu, saa tatu usiku. Vyeti vyake vilipigwa picha na mashine ya kunakili iliyounganishwa na XP ile, tukavihamisha kwa waya. Asubuhi nilipita dukani kuaga. Umeme ulikuwa umekatika usiku, kompyuta imerudi tena Januari 2002, na yule kijana ameketi mbele yake akiisogeza mbele, mwaka baada ya mwaka, kabla hajafungua dirisha la wateja.