Kopo dogo jekundu na shingo ya mama mdogo



Zamani, kila jioni mama yangu mdogo alipotoka Kadutu, kitu cha kwanza alichoomba hakikuwa chakula. Alikaa kwenye kiti kifupi, akafungua kitambaa cha kichwa na kusema: "Mutoto yangu, unipakeko ile dawa ku shingo." Dawa yenyewe ilikuwa ndani ya kopo dogo jekundu, lile wanalouza kila kona ya soko. Mama mdogo alikuwa mbebaji. Wanaojua Bukavu wanajua: kamba inapita kwenye paji la uso, mzigo unalala mgongoni, na shingo ndiyo inalipa. Unga, makala, mihogo, kilo 50 ao zaidi, na mlima bado uko mbele.

Nilimpaka miaka mingi bila kujiuliza ile harufu inatoka wapi. Nilipoingia inivasite kusoma agronomia, siku moja nikasoma maandishi madogo ya lile kopo: mentoli, kamfa, mafuta ya karafuu, mafuta ya mkaratusi. Kumbe ni mimea! Na kati yao, karafuu ina historia inayotugusa sisi watu wa mashariki ya Kongo.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Zanzibar ulifika mwanzoni mwa miaka ya 1800, na Sultani Seyyid Said wa Oman, ambaye alihamia kule, akawalazimisha wenye mashamba kuupanda. Karafuu inachumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka. Kazi ile ilitaka mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Wengi walitoka upande wa Ziwa Nyasa, lakini wengine walitoka kwetu, Manyema. Misafara ya wakubwa wa biashara kama Tippu Tip ilitoka Kasongo, ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, ikapita Tabora, ikafika pwani. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani na kichwani, mwendo wa miezi. Na ni kwa njia hiyohiyo Kiswahili hiki ninachoandika kiliingia kwetu.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa. Lakini mkarafuu ulibaki. Hata leo kule Pemba wanachemsha makonyo na majani yake kwa mvuke ili kutoa mafuta. Kwa hiyo nilipompaka mama mdogo, nilikuwa ninapaka shingo ya mbebaji kwa mafuta ya mti uliokuzwa na wabebaji wengine. Siku nilipoelewa hivyo, nilinyamaza kabisa.

Mkaratusi nao ulitoka Australia. Huko Victoria, mfamasia Joseph Bosisto alianza kutoa mafuta yake kwa biashara katika miaka ya 1850. Kivu ulipandwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya kuni na miti ya kujengea, si kwa dawa. Leo uko kwenye kila kilima, lakini kopo tunanunua lililotoka Uchina. Kazi yenyewe si uchawi: mvuke unapita katikati ya majani, unabeba mafuta, unapozwa kwenye bomba, na mafuta yanaelea juu ya maji. Kilo 100 za majani zinaweza kutoa kilo moja hivi. Kama mwana-agronomia, jambo hili linanichoma.

Sasa, je, yanasaidia? Ndiyo, kidogo. Mentoli inaamsha mishipa ya fahamu ile inayosikia baridi. Kati ya wale walioonyesha namna inavyofanya hivyo ni David Julius na Ardem Patapoutian, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ngozi inasikia imepoa wakati haijapoa, na maumivu yanarudi nyuma kwa muda. Mkono unaosugua polepole nao unalegeza misuli. Ila mzigo wa kesho haujapungua hata kilo moja.

Ukiwa na chupa ya mafuta yenyewe, si ya kopo, usiyapake hivihivi. Weka matone 2 ao 3 ndani ya kijiko cha supu cha mafuta ya kula, jaribu kwanza kwenye mkono, kisha usugue shingo na mabega. Usiyanywe. Usiyapeleke karibu na macho, wala puani ao usoni mwa mtoto mchanga. Mwenye mimba aulize kwanza kwa daktari.

Na kuna jambo ambalo nyumbani tulilipia. Mdogo wangu alikuwa na miaka 9. Jioni alisema shingo inamuuma, akawa na homa kali. Tulimpaka usiku mzima. Asubuhi hakuweza tena kugusisha kidevu kwenye kifua, na mwangaza ulimuumiza macho. Jirani mmoja, muuguzi, alipomwona alisema tu: "Mubebe sasa hivi." Ilikuwa meninjite. Alipona, lakini sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Tulipoteza usiku mmoja kwa kuamini harufu. Kwa hiyo shikeni hili: shingo ngumu pamoja na homa si kazi ya mafuta, ni kazi ya hospitali, saa ileile. Hata shingo inayouma baada ya kuanguka, ao inayotia mkono ganzi, ipelekwe kwa daktari.

Mama mdogo habebi tena, lakini shingo haijasahau. Ningali ninampaka nikipita kwake. Juzi alinicheka: "Weye ulisoma mashamba, bado unanipaka tu?" Ana haki. Sisi wenye lisansi tunajua kupima mavuno ya hekta moja, lakini ni wachache wetu wanaojiuliza nani anayabeba kutoka shambani mpaka soko, na kwa shingo gani. Mkokoteni mmoja na barabara inayopitika vingemfaa kuliko makopo yote niliyomnunulia.

Leo jioni, muulize mama ao bibi yako alibeba nini, kutoka wapi mpaka wapi. Ukimaliza kumsikiliza, ndipo umpake.