Saint-Denis, Mji Uliotuletea Mapadre wa Kwanza

Mwaka huu wa Yubilei twapenda kuwasimulia habari za mji ambao mapadre na masista walitoka huko kuja pwani yetu mwaka 1860. Ni Saint-Denis, katika kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon.

Kisiwa hicho kizima kilitoka baharini kwa nguvu ya moto wa chini ya nchi. Mlima wake mkubwa, Piton des Neiges, wapita mita 3,000, nao umekwisha kuzimika. Wa pili, Piton de la Fournaise, hutapika moto hata leo. Pwani ya Saint-Denis ni ya mawe meusi, haina ghuba ya kukinga mawimbi. Tulisimama mahali paitwapo Barachois, penye mizinga ya kale, tukaelewa kwa nini merikebu zilitia nanga mbali, na watu wakaletwa nchi kavu kwa mashua. Bandari ya kweli ilifunguliwa mwaka 1886 tu, tena si hapo, bali upande wa magharibi.

Mwaka 1738 Saint-Denis ulifanywa mji mkuu badala ya Saint-Paul. Mashamba yalikuwa ya kahawa, baadaye ya miwa, na kazi yake ilifanywa na watumwa. Wengi walitoka Bukini, na wengine walitoka kwetu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa visiwa vya Wafaransa. Nao wenye mashamba walikuwa Wakristu. Jambo hilo halifai kufichwa kwa ajili ya sikukuu.

Utumwa ulikomeshwa huko tarehe 20 Desemba 1848, wakapata uhuru watu zaidi ya 60,000. Hata hivyo watu wa pwani yetu walizidi kununuliwa na kupelekwa kisiwani kwa jina la vibarua, mpaka serikali ya Ufaransa ilipokataza mwaka 1859.

Lakini mwaka 1849 Padre Levavasseur, mzaliwa wa kisiwa, pamoja na Aimée Pignolet de Fresnes, alikuwa ameanzisha shirika la Mabinti wa Maria. Humo walipokewa wanawake Wazungu na wanawake waliokuwa watumwa jana na juzi, wakaishi chini ya kanuni moja. Lilikuwa jambo geni kabisa katika nchi ile.

Basi Askofu Maupoint wa Saint-Denis akamtuma Padre Fava, na mapadre wawili, na masista sita wa shirika hilo. Walifika Unguja Desemba 1860, soko la watumwa likiwa bado wazi, wakawahudumia wagonjwa na kuwalea watoto waliokombolewa. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipokea kazi hiyo, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo.

Kabla ya kuondoka tulirudi Barachois jioni. Mashua zilizowashusha watumwa wa Kilwa zilipita maji yale, na masista sita walisafiri katika bahari ile ile, miaka 12 tu baada ya uhuru.