Kutu Haijui Bendera

Pasiansi, Mwanza, kuna chuo kinachofundisha askari wa wanyamapori tangu 1966. Silaha za kando ya ziwa zina adui wa zamani: unyevu. Mwaka 1914 askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani bado walibeba Mauser ya 1871, bunduki ya baruti nyeusi. Masizi yake hunyonya unyevu, na mafuta hayayeyushi chumvi zake. Mtutu huoshwa kwa maji, hukaushwa, ndipo hupakwa mafuta. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza. Bendera ikashushwa, kazi ya kusafisha ikabaki. Risasi za bastola za leo kwa kawaida haziachi chumvi hizo, lakini unyevu ungalipo. Vitabu huwataja makamanda. Askari aliyesugua mtutu jioni, akijua kesho utabeba roho yake, mara nyingi hana jina.