Biskuti ya Ruth Wakefield Haikuwa Bahati

Wengi mmeiona, hata kama hamjaionja: biskuti pana ya rangi ya kahawia, kandokando imekauka kidogo, katikati ni laini, na ndani ina vipande vya chokoleti. Mjini inauzwa kwenye maduka makubwa kwa bei ya kukufanya uirudishe palepale ulipoitoa. Ukiuliza ilianzia wapi, utapewa hadithi tamu. Eti kulikuwa na mama mmoja Mmarekani, siku hiyo kitu fulani kikamwishia jikoni, akatupia vipande vya chokoleti kwenye unga akidhani vitayeyuka na kuenea. Havikuenea. Basi, dunia ikapata biskuti mpya.

Kuna hadithi nyingine inayosema mashine ya kukandia ilitetemeka hadi chokoleti ikaanguka kutoka rafuni na kuingia kwenye unga. Hizi zote zinachekesha, ndiyo maana zinapendwa. Lakini ukizitazama vizuri, zinamnyang'anya mtu kazi yake.

Mwenyewe aliitwa Ruth Wakefield. Mwaka 1924 alihitimu chuo huko Framingham, jimbo la Massachusetts, alikosomea sayansi kimu: upishi, lishe na mambo ya nyumbani. Baadaye alifanya kazi ya lishe hospitalini na kutoa mafunzo ya chakula. Mwaka 1930 yeye na mumewe, Kenneth, walinunua nyumba ya zamani katika mji wa Whitman, kusini mwa Boston, wakafungua hoteli ya chakula, Toll House Inn. Ulikuwa wakati mbaya, uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Hata hivyo watu walikuja, hasa kwa ajili ya vitu vitamu vyake vya baada ya mlo, na akachapisha kitabu cha mapishi.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia hajui chokoleti inafanya nini kwenye moto? Mwenyewe alipoulizwa miaka mingi baadaye, alieleza kwa ufupi. Hotelini walizoea kuwapa wageni biskuti nyembamba ya karanga pamoja na aiskrimu. Wageni waliipenda, lakini yeye alitaka kuwapa kitu tofauti. Akakaa jikoni na msaidizi wake, Sue Brides, wakajaribu mpaka wakaipata. Resipi ilitokea kwenye toleo la kitabu chake la mwaka 1938. Ilisema chokoleti ikatwe vipande vidogo kama punje ya njegere. Mtu aliyeandika kipimo hicho alikuwa amefikiria.

Mwaka 1939 kampuni ya Nestlé, ambayo chokoleti yake ndiyo aliyotumia, ilipata ruhusa ya kutumia jina la Toll House na kuchapisha resipi kwenye bidhaa zake. Inasemwa walikubaliana dola 1, na mwenyewe alisema hata hiyo hakuiona. Alipata chokoleti ya bure na kazi ya ushauri. Kampuni ikaanza kutengeneza vipande vidogo vilivyo tayari, ili mama wa nyumbani asihangaike na kisu. Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili. Familia za Massachusetts ziliwatumia vijana wao biskuti hizo jeshini, nao wakagawana na wenzao wa majimbo mengine. Hao wakaandika barua nyumbani: na sisi tutumieni kama zile.

Hapo ilikuwa bado biskuti ya nyumbani. Dukani ilikuja kupata umaarufu baadaye. Mwaka 1975, Wally Amos alifungua duka la biskuti hizo peke yake kule Los Angeles. Alikuwa kijana mweusi kutoka Florida, aliyehamia New York kwa shangazi yake Della akiwa na miaka 12, na shangazi huyo ndiye aliyempikia biskuti hizo kwanza. Mwaka 1977 Debbi Fields, akiwa na miaka 20, alifungua duka lake Palo Alto. Siku ya kwanza wateja hawakuja, basi akachukua sinia akatoka barabarani kuwaonjesha watu. Kwa hiyo tunaposema leo "biskuti kama ya dukani," tukumbuke duka lenyewe liliiga jikoni kwa shangazi. Amos naye alikuja kupoteza kampuni, na hata haki ya kutumia jina lake mwenyewe kwenye biashara.

Kazi ya namna hii inaanza hata kabla ya jiko. Waliolima kakao Beni wanaijua, na majirani zetu wa Bundibugyo na Kyela pia. Mbegu ikitoka kwenye tunda haina ladha ya chokoleti kabisa, ni chungu na ina ute. Mkulima anaifunika na kuiacha ichachuke kwa siku kadhaa, anaigeuza, halafu anaianika juani. Akikosea hapo, hakuna kiwanda kitakachoirekebisha. Lakini kwenye pakiti utasoma jina la kampuni, si la mkulima.

Tuje kwenye kupika. Biskuti ya Ruth ilikuwa ndogo na kavu: nusu kijiko cha chai cha unga kwa kila moja, na resipi ilitoa biskuti 100. Ile ya dukani ni kubwa na laini, na haina siri yoyote. Sukari ya kahawia inashika unyevu. Donge kubwa linachelewa kukauka katikati. Unga ukipumzishwa kabla ya kuchomwa unashika vizuri na ladha inakolea. Hata Toll House waliulaza kwenye baridi usiku kucha. Na biskuti inatolewa motoni katikati ikiwa bado inaonekana mbichi kidogo, inamalizia kuiva yenyewe nje.

Kambini fanya hivi. Gramu 125 za magarini piga pamoja na robo tatu ya kikombe cha sukari, ya kahawia ukiipata. Weka yai 1, kisha kikombe 1 na robo cha unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea na nusu ya chumvi. Chokoleti ya gramu 100 ikate kwa kisu, kama alivyofanya Ruth. Friji hatuna, basi funika unga na uuache sehemu yenye ubaridi kwa saa moja au mbili. Washa jiko la mkaa, yaani mbabula kwa sisi wa Kongo, nje ya nyumba. Tia mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, funika, acha upate moto vizuri. Panga madonge kwenye sahani ya bati iliyopakwa mafuta, yakiwa mbalimbali, iweke juu ya mchanga, funika na utie makaa machache juu ya mfuniko. Angalia baada ya dakika 12. Pembeni zikiwa kahawia, toa, na usizishike mpaka zipoe.

Mkaa wako, sufuria yako na upepo wa siku hiyo vitabadilisha dakika. Ndiyo maana uandike: leo dakika ngapi, makaa mangapi, unga gani. Kina mama wanaochoma mandazi na keki hapa wameshafanya majaribio hayo miaka mingi, kwa unga unaobadilika kila mgao na kwa kuni za kuhesabu. Halafu inakuja ripoti ya mradi, inasema wanawake "wamepatiwa ujuzi wa kuoka." Wamepatiwa na nani? Wengine walikuwa wanauza mikate kabla ya kuvuka mpaka.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, siku mkiandika kuhusu biashara ya mama fulani, muulizeni kwanza alianza kupika wapi na nani alimfundisha, na kama anakubali jina lake litajwe, litajeni. Nanyi kina mama na kina dada, leteni vipimo vyenu kwenye jarida hili. Asiyejua kuandika amtume mtoto wa shule aandike huku yeye anataja. Tutachapisha pamoja na jina la aliyempa resipi, awe shangazi, awe jirani, hata kama alibaki kule nyumbani.