Gesi iliyosubiri zizi

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, Lushoto. Wasambaa waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko na kuchunga kwa masharti. Matuta yalikula nguvu na ardhi bila kuwaongezea chakula, nao wakayapinga hadi mpango ukafa mwaka 1957. Wakati huo hakuna aliyewaza biogesi, lakini ukitaka kujua kwa nini ilichelewa kupanda milima ya Usambara, anzia kwenye matuta hayo.

Biogesi inataka samadi nyingi mahali pamoja, kila siku. Mpango wa matuta ulipokufa ufugaji ulibaki wa kuchunga, na ng'ombe wa kuchungwa anashinda bondeni au pembezoni mwa msitu, na kinyesi chake kinabaki huko huko. Ndiyo maana nadhani SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanza kujenga mitambo ya biogesi nchini mwaka 1975, lilikuwa na kazi ngumu kuliko ya uashi. Lilitumia mfano wa Kihindi: shimo la matofali lenye pipa la chuma lililofudikizwa juu, linalopanda gesi ikijaa na kushuka mama akiwasha jiko. Kiasi kilichobaki unakiona kwa macho. Ila chuma ni ghali, na juu ya tope lenye unyevu kinashika kutu upesi. Hadi mwaka 1984 SIDO lilikuwa limejenga mitambo kama 120 tu.

Mwaka 1981 ilianzishwa CAMARTEC, Arusha, taasisi ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, na mwaka 1983 Wajerumani wa GTZ wakaungana nayo katika biogesi. Pipa likaachwa. Badala yake mafundi walizika kuba la matofali ardhini, kwa kufuata mtindo uliotoka China, wakauongezea ujanja ambao mpaka leo unanifurahisha. Chini ya sehemu inayohifadhi gesi walijenga mkanda mmoja wa matofali kwa mchanganyiko dhaifu, makusudi kabisa. Kuta za chini zikipata ufa, ufa unaishia kwenye mkanda huo; kule juu gesi haivuji.

Lushoto nako mambo yalikuwa yanabadilika kwa njia nyingine. Mradi wa SECAP, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, pia kwa msaada wa Wajerumani, ulirudi kwenye suala lile lile la mmomonyoko. Safari hii kingo za mashamba zilipandwa majani ya gwatemala na miti, na majani yakakatwa kulisha ng'ombe wa maziwa ndani ya zizi. Mkulima aliyemkataa Mwingereza alipata sababu ya kutunza kingo: maziwa. Na zizini, bila mtu kuipangia, samadi ikaanza kurundikana.

Ng'ombe wawili wanaolishwa ndani wanaweza kuitosheleza familia kwa gesi ya kupikia. Samadi inakorogwa na maji, ndoo kwa ndoo, mabua yanaondolewa kwa mkono, kisha uji huo unaingizwa shimoni ambako bakteria wasiohitaji hewa hutoa methani. Hapa mlima una masharti yake. Bakteria hao hupenda joto la nyuzi 35 hivi, na mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Juni na Julai, baridi ikizidi, moto jikoni unapungua. Maji nayo yanapandishwa kichwani. Mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2009 chini ya CAMARTEC, kwa fedha za Uholanzi, ulilenga mitambo 12,000 ya majumbani, na matatizo ya maji na gharama ya saruji uliyakuta palepale.

Chini ya mlima, Hale, hesabu ni kubwa zaidi. Korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge, inatoa singa ambazo ni kama asilimia 4 tu ya jani; mengine yote ni makapi na maji machafu, ambayo kwa miongo mingi yaliachwa yaoze au yaishie mitoni. Mwaka 2008 kampuni ya mkonge ya Katani, ikishirikiana na mashirika ya kimataifa ya UNIDO na CFC, ilizindua hapo mtambo wa kilowati 150 za umeme unaotumia gesi ya makapi hayo.

Sasa mitungi ya gesi inapanda Lushoto kwa bodaboda, na mkakati wa taifa wa nishati safi wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mtungi ni mwepesi, hauhitaji ng'ombe wala kukoroga. Lakini ukiisha umeisha. Mtambo wa samadi unatoa tope lililokwisha kuchachuka, lenye naitrojeni ambayo mimea huifyonza kwa urahisi, na kwa mkulima wa kabichi na viazi wa Lukozi, huko huko Lushoto, anayenunua mbolea ya chumvichumvi kila msimu, ningesema tope hilo lina thamani kuliko moto wenyewe.